Mstari wa Ishirini na Nne

Jumatatu, 4 Agosti

Wewe uliyeokota daftari hili, nakuomba — lifunge. Kama umeshasoma mpaka hapa, ishia hapa. Na kama huwezi kuishia hapa (hata mimi nisingeweza), basi neno lisikutoke. Usimwambie mkeo, usimwambie mumeo, usiseme "nimesikia karani mmoja". Makarani tuko wengi lakini mimi watanijua tu. Nakusihi.

Jambo lenyewe ni hili. Ninafanya kazi ofisi ya mafunzo ya walimu. Mwezi wa sita Bosi alinipa barua ishirini na nne za kuwaita walimu wa muziki kwenye mafunzo ya likizo, wiki mbili, hapa chuoni. Leo wamefika ishirini na watatu. Mchana nimefungua droo kutafuta wino wa mhuri. Chini ya kidau cha wino — barua. Imefungwa, ina stempu, ina anwani kwa mwandiko wangu mzuri. Ya mwalimu wa shule ya machimboni, kule wanakopasua kokoto.

Haikwenda. Mimi ndiye sikuipeleka.

Nimeirudisha chini ya kidau kama mtu aliyeona nyoka.

Na asubuhi hiyohiyo mkufunzi alikuwa ameshaniburuta ukumbini. Ni mwanamke mfupi, miguu mitupu, ngoma ndogo kwapani. Akahesabu watu, akakunja uso. Michezo yake yote ni ya wawiliwawili. "Wewe wa mezani, una miguu?" Nikasema ninayo. "Njoo nayo."

Hataki majina wala vyeo. Kila mtu ajitaje kwa mwendo. Mmoja akazunguka, mmoja akachuchumaa. Mimi nikapiga ngumi kwenye kiganja — pa! — kama ninavyogonga mhuri. Wote ishirini na watatu wakanirudishia: pa! Hakuna aliyeuliza natoka shule gani.

Saa kumi Bosi akachungulia. Wote wamefika? Nikasema wote, Bosi. Akanyoosha mkono apewe rejista. Sekunde tatu kabla haijamfikia, nikaweka vema mbili kwenye mstari wa ishirini na nne.

Vema ndogo tu. Lakini nimeziweka kwa wino.


Jumanne, 5 Agosti

Miguu inauma mahali ambapo sikujua pana nyama.

Mwenzangu ni mzee mmoja anayekaribia kustaafu. Moyoni namwita Mwalimu Kinanda. Amefundisha kwaya miaka thelathini na moja, anasoma noti kama mimi ninavyosoma mafaili. Lakini mwambie azitembee! Leo sauti ndefu tulizitembea polepole, fupi tukazikimbia, na ngoma ikinyamaza tunaganda hapohapo. Kinanda anahesabu chini kwa chini, moja-na-mbili-na, halafu anaganda wakati wenzake wameshaanza tena.

"Maisha yangu yote nimewaambia watoto wakae wima," akaninong'oneza. "Leo naambiwa niyumbe. Nikianguka, kijana, sema nilikuwa nafundisha."

Mchezo wa kioo: mmoja anafanya, mwenzake anamwiga papo hapo, bila kuchelewa hata chembe. Walimu wote wanachelewa, maana wamezoea kutazamwa. Mimi nimezoea kutazama. Nikiingia kwa Bosi naangalia nyusi kabla ya mdomo. Kwa hiyo mkono wa Kinanda ukitaka kupanda, mimi nimeshaona bega lake. Mkufunzi akasimama nyuma yetu muda mrefu. Akasema haijulikani kati yenu nani ni mtu na nani ni kioo.

Sijasifiwa hivyo tangu darasa la saba.

Vema mbili. Asubuhi na alasiri.


Jumatano, 6 Agosti

Namba ya simu ya mwalimu wa machimboni ipo kwenye faili. Nimeitazama. Ningempigia angeweza kufika kesho, akapata siku saba. Jana angepata nane.

Sikupiga. Nitamwambiaje? "Samahani mwalimu, upo hapa tangu Jumatatu"?


Ijumaa, 8 Agosti

Sasa nimejua uzito wake.

Leo makasha yamekuja. Mawili mawili kwenye mkokoteni, harufu ya mbao mpya. Ndani yake ngoma mbili, marimba ndogo, njuga, pembetatu, vitambaa vya rangi. Kila shule ambayo mwalimu wake amehudhuria siku zote kumi, kasoro zisizidi mbili, inapewa kasha. Asiyehudhuria, shule yake hakuna. Bosi alitangaza mwenyewe, kidole juu.

Nikahesabu vichwa vya watoto ambao siwajui. Nikikiri, mstari wa ishirini na nne unafutwa na machimboni hawapati kitu. Nisipokiri, kasha linakwenda kwa mwalimu ambaye hajui hata kwamba mafunzo yalikuwepo, na siku atakayoulizwa "ulijifunza nini?" mimi nimekwisha.

Lakini — niandike ukweli, hapa hakuna anayesoma — leo pia nimefurahi. Tuliambiwa tutunge jibu. Mkufunzi anapiga swali kwa makofi na mapaja, wewe unajibu kwa mwili wako, lisifanane na la mwenzako. Walimu waliomba dakika tano wafikiri. Zamu yangu ilipofika nilikuwa sijafikiri chochote, nikajibu tu. Visigino, magoti, kifua, kimya, pa! Kile kimya nilikifungua kwa mikono miwili kama mtu afunguaye dirisha. Mwalimu mmoja, bibi mwenye miwani ya kamba, akapiga kelele: "Watoto wako wanafaidi!"

Watoto wangu. Nilicheka hadi nikaogopa.


Jumapili, 10 Agosti

Shangazi yangu ni fundi cherehani na ninaishi kwake. Leo amenikuta uani nikimfundisha binti yake mdogo kurusha kitambaa na kukidaka pale wimbo unapokata pumzi. Kitambaa chenyewe ni cha mteja.

"Baba," akasema (ananiita baba kwa kuwa nimerithi jina la baba yake), "hiyo ni suruali ya watu ya keshokutwa. Na makalio hayo umeyatoa wapi? Ukoo wetu hatuna."

Nikamwambia ni kazi za ofisini.

"Ofisi gani hiyo nami niombe?"

Kisha akaketi, akapiga pedali ya cherehani bila uzi, polepole halafu haraka, na binti yake akatembea na kukimbia kuufuata mguu wake. Hakufundishwa na mtu. Nilisimama nikitazama. Kumbe ni jambo ambalo mtu analo, anasubiri tu kuruhusiwa.

Sikumwambia habari za barua. Alinitazama kwa pembeni, pini mdomoni. Anajua lipo jambo.


Jumanne, 12 Agosti

Nimekwisha. Nimekwisha kwa vema zangu mwenyewe!

Bosi aliingia ukumbini na rejista, uso unang'aa. Ijumaa anakuja mkaguzi. Walimu watatu watafundisha mbele yake, kila mmoja na watoto wake kumi na wawili kutoka shuleni kwake. Wawili amewachagua mkufunzi. Wa tatu amemchagua yeye Bosi, kwa haki kabisa, kwa kutazama mahudhurio. Kinanda alikwenda hospitali Alhamisi. Bibi wa miwani alichelewa mara mbili. Kila mtu ana kasoro. Isipokuwa mmoja.

"Huyu wa machimboni," akasema, "anatoka mbali kuliko nyote, na hajakosa hata nusu siku! Huo ndio mfano."

Watu wakapiga makofi. Wakageuka huku na huku kumtafuta. Yuko wapi? Nani kati yetu? Majina hatujuani, ndivyo alivyotaka mkufunzi. Bosi naye ananijua kama karani wake, kwa hiyo macho yake yalinipita kama kiti. Nami nikapiga makofi! Nikasikia sauti yangu inasema ametoka kidogo, Bosi, nitampa taarifa.

Ni mimi. Karani mwangalifu. Mtu mwingine yeyote wa kughushi angeweka kasoro moja au mbili, ionekane ya kibinadamu. Mimi nilishindwa. Mstari wenye shimo unaniumiza macho.

Ningekuwa mzembe ningepona.


Jumatano, 13 Agosti

Nimekwenda machimboni.

Tulipofunga mafunzo ya leo nilipanda basi hadi mwisho wa njia, nikatembea nusu saa kwenye vumbi jeupe. Barua mfukoni. Njia nzima nilikuwa nikitunga sentensi ya kwanza. Nilipata kumi na moja, zote nzuri, na nilipomwona mwalimu zote zikanitoroka.

Alikuwa juu ya stuli, anapaka ubao wa darasa rangi nyeusi. Mwanamke mrefu, kilemba kimejaa madoa. Watoto kama ishirini walikuwa nje wanacheza, likizo yenyewe lakini wako shuleni. Wana ndoo nne na vijiko. Nilisikia kabla sijafika: mmoja anauliza kwa kijiko, wengine wanajibu.

Nikampa barua. Nikasema mimi ndiye karani, hii ni yako, kosa ni langu.

Akashuka, akapangusa mikono, akaisoma akiwa amesimama. Polepole, mpaka mhuri.

"Tarehe nne," akasema. "Leo kumi na tatu."

"Ndiyo, mwalimu."

"Mimi niliomba mwezi wa tatu. Kimya. Nikawaambia hawa watoto hatukuchaguliwa. Mmoja akaniuliza kwa nini. Nikamwambia labda sisi ni wa vumbi." Akaikunja barua. "Kumbe tulichaguliwa."

Afadhali angenitukana, matusi ningejua pa kuyaweka.

Nikamweleza yaliyobaki: vema, kasha, mkaguzi, mfano. Nilipofika kwenye "hajakosa hata nusu siku" midomo ilimcheza. Akakaa kwenye stuli akacheka, akacheka mpaka watoto wakaja dirishani.

"Kwa hiyo mimi ndiye mwanafunzi bora!"

"Ndiyo, mwalimu."

"Na nimejifunza nini?"

Nikamwonyesha. Pale pale, kwenye sakafu yenye rangi mbichi. Kioo, swali na jibu, kitambaa, sauti ndefu na fupi. Watoto wakaingia mmoja mmoja bila kuitwa. Saa nzima nilisahau kuogopa. Sijui nilianza lini kusema "tena, lakini visigino vinong'one" — nilijikuta ninasema. Na wao wana ile ya ndoo, ambayo hata mkufunzi hana: anayejibu lazima kwanza aiseme kwa mgongo, wenzake waisome, ndipo kijiko kigonge. Nimeiandika yote.

Akanisindikiza hadi barabarani. Akasema hivi, na nimeyashika neno kwa neno. "Sikiliza, mdogo wangu. Ijumaa nitaleta watoto kumi na wawili. Wamechaguliwa, watakuja. Lakini mimi sisimami mbele ya mtu na elimu ya kuokota jana. Na wewe utamwambia mkubwa wako kabla sijafika. Nikifika hajui, nitamwambia mimi, tena mbele ya huyo mkaguzi, na sina sauti ndogo."

Sina shaka hana.


Alhamisi, 14 Agosti

Nimejaribu mara nne.

Mara ya kwanza Bosi alikuwa kwenye simu. Ya pili alikuwa anakula. Ya tatu nilifika hadi mezani kwake, nikasema "Bosi, kuhusu ule mstari—", akasema mistari ya rangi uwanjani imeshachorwa, asante. Ya nne nilisimama mlangoni nikarudi mwenyewe. Hiyo ya nne ni yangu.

Nikamwambia mkufunzi. Alikuwa anakunja vitambaa. Hakushtuka.

"Nilikudhani mwalimu wa ishirini na nne aliyekaa mezani, siku ya pili nikajua," akasema. "Mwalimu akichoka anakaa. Wewe uliniomba ruhusa ya kukaa."

Nikauliza kwa nini hakusema. Akasema alidhani nitasema mwenyewe Jumatano, halafu akadhani Alhamisi, halafu akaona nafundishika, akapata choyo. Nikamwomba aje nami kwa Bosi. Hapo akakataa katakata. "Mimi nilikuazima mwenzako wa kucheza naye. Wa kukiri naye sina." Kisha, alipoona uso wangu, akaongeza kwamba mtu anayejua kungoja zamu ya mwenzake bila kumkatiza hafundishwi hilo chuoni, yeye amelitafuta kwa walimu miaka kumi na miwili, na wiki hii ameliona kwa karani.

Nyumbani nikamweleza Shangazi. Yote, hata droo. Alikuwa anatoa pini kwenye gauni, moja moja.

"Uongo ni pindo la pini, baba. Umesimama, unapendeza. Jaribu kukaa!"

"Nitafukuzwa, Shangazi."

"Huenda. Utarudi hapa, utanishikia kitambaa. Hutakufa." Akanitazama. "Tatizo lako si kufukuzwa. Unaogopa kuonekana. Sasa wiki mbili unatingisha makalio mbele ya walimu ishirini na watatu — kimebaki nini cha kuonekana?"

Nikacheka. Sikutaka, lakini nikacheka.

Nimeandika barua ya kukiri. Ukurasa mmoja. Kosa la kwanza, barua iliyobaki droo. Kosa la pili, vema ishirini za uongo, pamoja na hizi za kesho ambazo sitaziweka, kwa hiyo kumi na nane. Ombi: adhabu iwe yangu na kasha la machimboni lisiguswe, kwa kuwa shule ilichaguliwa na haikukosa chochote. Nimeweka sahihi. Nimetoa nakala tatu, moja ya jalada.


Ijumaa, 15 Agosti — asubuhi

Saa mbili kasoro robo nimempa. Mkononi, si mezani.

Alisoma. Akasoma tena. Kisha, Mungu nisamehe, akavuta mhuri akagonga IMEPOKELEWA, akaweka tarehe. Mazoea. Tukautazama ule mhuri wote wawili.

"Wewe," akasema. "Wewe ambaye hata nukta huachi." Sauti ilikuwa ya chini. Ningependelea ya juu.

Akasema mkaguzi yuko getini. Akasema mstari wa ishirini na nne usifutwe wala usiandikwe mpaka atakaposema. Darasa la tatu halitakuwepo, atatafuta la kumwambia mkaguzi. Na mimi nikae kwenye benchi la nje ya ofisi, nisiinuke, nisiongee na mtu.

Nimekaa. Naandikia gotini.


Ijumaa, bado benchini

Darasa la kwanza limekwisha, nilisikia makofi. La pili linaendelea. Ni la bibi wa miwani, nazisikia njuga.

Watoto wa machimboni wamefika. Kumi na wawili, viatu vimepigwa rangi lakini vumbi jeupe limeshavifunika. Ndoo nne. Mwalimu wao akanijia pale benchini, akauliza amejua? Nikasema amejua. Akauliza amesemaje? Nikasema darasa la tatu halipo.

Akawatazama watoto. Walikuwa wamesimama kwenye mstari ulionyooka, wanajaribu kutopumua kwa nguvu. Mmoja, mwenye pengo, akasema kwa sauti ya kutaka kusikika: "Mwalimu, huyo ndiye kaka wa visigino?"

"Ndiye."

"Kwa nini amekaa?"

Mwalimu wao aliniachia mimi nijibu. Nilifungua mdomo niseme nimeagizwa. Ni kweli nimeagizwa! Neno lilikuwa sahihi, sikuona pa kulitilia shaka, na halikutoka.

Kinanda akapita na marimba kifuani, akasimama. Akaangalia ndoo, watoto, mimi. Sijui mkufunzi alimwambia nini. Akasema yeye atacheza marimba chini chini kama kuna mtu atasimama mbele, lakini aambiwe sasa, maana mikono inapata baridi.

Mlango wa Bosi umefungwa nusu. Namsikia anamwagia mkaguzi chai na maelezo.

Tangu nianze kazi sijawahi kuondoka mahali nilipoambiwa nikae.


Ijumaa — dakika mbili tu

Njuga zimenyamaza. Watu wanapiga makofi. Mkufunzi amefungua mlango wa ukumbi na hajaufunga. Watoto wameshaingia, ndoo zimeingia. Mwalimu wao amekaa nyuma na kalamu na karatasi, amesema anaanza siku yake ya kwanza ya mafunzo leo.

Nimevua viatu; mbele nasimama mimi. Moyo unakwenda mbio lakini unakwenda kwa zamu, nauhesabu.

Karatasi niliyoiacha kwenye benchi, juu ya viatu vyangu, inasema hivi. Nanakili kwa ajili ya jalada:

"Bosi. Siko hapa, na nimeondoka kwa hiari yangu. Ukinihitaji, nipo ukumbi mkubwa. Simu nimeizima. Usipite mlango wa mbele, watoto wameupa mgongo na watakatizwa. Zunguka nyuma, uje kwa mlango wa stoo, ulio wazi. Mkaguzi anakaribishwa. Usiniite kwa cheo, sitasikia. Simama ukutani na mikono yako iwe mitupu. Mtoto mmoja atakuja akushike. Usimuulize aendako. Mfuate, atakuleta nilipo."